Mwani Ulio Kama Unyoya

Maji yakupwapo, mtu atembeaye pwani huona majani ya baharini ya namna nyingi, nayo yote huyaita mwani. Lakini mwani si mmoja, na kuudhania huu kuwa ule kwaweza kuleta hasara. Leo tujifunze kuutambua mmoja wa rangi ya kijani, ambao wataalamu huuita Caulerpa taxifolia.

Jina lenyewe latufundisha. Neno la kwanza limetokana na Kiyunani, maana yake shina litambaalo. La pili ni Kilatini, maana yake majani kama ya mti uitwao taxus, ambao majani yake membamba hupangana pande zote mbili za kitawi.

Alama ya kwanza, basi, ni shina. Halisimami, bali hutambaa juu ya mchanga au mwamba kama mmea wa kiazi kitamu. Chini yake hutoka nyuzi zilizo kama mizizi, na juu yake husimama majani.

Alama ya pili ni umbo la jani. Katikati pana uti, na huku na huku vimepangwa vijitawi viwili viwili vikikabiliana, mfano wa kuti la mnazi au unyoya wa kuku.

Alama ya tatu yataka macho makali. Tazama kijitawi kimoja: ni bapa, chembamba shinani, kimechongoka nchani, tena kimejipinda kidogo kuelekea juu kama mundu. Ndugu yake, Caulerpa sertularioides, nao una umbo la unyoya. Lakini vijitawi vyake ni vya mviringo kama sindano, wala si bapa.

Tena kuna jambo la ajabu. Mmea huu mzima, shina na majani, ni chembe hai moja tu, isiyogawanywa kwa kuta ndani yake. Kipande kidogo kikikatika chaweza kuota na kuwa mmea mpya.

Katika bahari za joto, kama Bahari yetu ya Hindi, mwani huu uko kwao. Lakini watu waliupenda kwa uzuri wake, wakaupanda katika matangi ya samaki huko Ulaya. Mwaka 1984 ulionekana baharini Monaco, chini ya jumba la makumbusho ya bahari, umeenea kadiri ya mita moja ya mraba, yaani nafasi ya mkeka mdogo. Haukung'olewa. Kufikia mwaka 2000 ulikuwa umekwisha onekana katika pwani za Ufaransa, Italia, Uhispania, Kroatia na Tunisia, ukifunika majani ambamo samaki walikuwa wakijificha na kula. Nao wenyewe una sumu, hata samaki wengi huuepuka.

Mwezi wa Juni mwaka 2000, wapiga mbizi waliuona katika ghuba ndogo ya Carlsbad, California, nchini Marekani. Safari hii alama zake zilijulikana upesi. Majuma matatu hayakupita, kazi ikaanza: waliufunika kwa maturubali, wakatia dawa ya klorini chini yake. Walilinda na kupeleleza miaka mingi, na mwaka 2006 ikatangazwa kwamba umekwisha kabisa mahali hapo.

Mwani ulikuwa ule ule mmoja. Monaco uliachwa ungali nafasi ya mkeka, ukaenea nchi hata nchi. Carlsbad ulitambuliwa mapema, ukashindwa.