Mama Vitenge na safari ya Mbarara

Sokoni Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake: Mama Neema, Mama Amani. Asiye na mtoto hubaki na jina la bidhaa. Anayeuza vitenge ni Mama Vitenge, na mteja anayemwita hivyo hana nia mbaya. Hata hivyo, jina hilo humkumbusha kila asubuhi anachokikosa.

Chukua mfano wa Mama Vitenge aliyeolewa miaka minne. Fedha ya kwanza huenda kwa mganga. Ya pili huenda kwenye vidonge vya kupevusha yai, vinavyonunuliwa dukani bila kipimo. Zamu yake ya likelemba, yaani upatu, inapofika, fedha ya kununulia mzigo mpya inalipia deni la dawa. Mumewe, anayevuka Kikagati kwenda Murongo upande wa Tanzania kutafuta mahindi, hajapimwa hata mara moja.

Hapo ndipo mitaji mingi inapopotelea. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya sita hukumbwa na ugumba maishani. Tatizo laweza kuwa kwa mke, kwa mume au kwa wote wawili. Mume kuwa na nguvu za kiume si ushahidi kwamba ana mbegu za kutosha, na aliyewahi kuzaa anaweza kukwama baadaye. Vidonge vya kupevusha yai havizibui mirija, wala havimpi mume mbegu.

Madaktari hushauri wanandoa waende kupimwa baada ya mwaka mmoja wa kukutana mara kwa mara bila kinga, au miezi sita ikiwa mke amepita miaka 35. Kutoka Nakivale, rufaa huelekea Mbarara, mji wenye hospitali ya rufaa na chuo kikuu kinachofundisha madaktari.

Kipimo cha mbegu za mume hakihitaji upasuaji wala sindano, ila hutakiwa akae siku mbili hadi saba bila kumwaga mbegu. Majibu yakiwa mabaya hurudiwa, kwa kawaida baada ya miezi mitatu hivi, kwa sababu mbegu mpya huchukua muda huo kukomaa. Vipimo vya mke hufuata kalenda ya hedhi. Picha ya mirija hupigwa damu ikishakatika, kabla yai halijatoka. Mfanyabiashara anayesafiri kwa siku za soko hulazimika kuchagua: mzigo au kipimo. Mume naye akiwa mpakani siku ambazo yai linatoka, mwezi mzima umepita.

Chanzo kimoja kikubwa cha mirija kuziba ni maambukizi ya zinaa yasiyotibiwa, kama kisonono na klamidia. Klamidia yaweza kukaa mwilini bila dalili yoyote. Ndiyo maana mke na mume hutibiwa pamoja. Akitibiwa mmoja, mwenzake humrudishia ugonjwa.

Kwa wengine, njia inayobaki ni kurutubisha yai nje ya mwili na kupandikiza mimba. Mtoto wa kwanza duniani kupatikana hivyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Uganda ilipata wa kwanza mwaka 2004 jijini Kampala, na Kenya mwaka 2006. Gharama huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi. Mke huchomwa sindano kila siku kwa takriban siku kumi, na majaribio mengi hayaleti mtoto. Anayeuza duka ili alipie jaribio moja anastahili kuambiwa hilo kabla ya kusaini.

Kwa anayevuka mipaka, karatasi za majibu ni mali. Aliyepimwa Bukavu au Bujumbura akifika Mbarara bila karatasi, huanza upya na kulipa upya. Faili moja la plastiki, lenye majibu ya wote wawili, laweza kuokoa nauli na miezi.

Kwa Mama Vitenge, safari inayofuata ya Mbarara inahitaji nauli ya watu wawili. Mahindi ya Murongo yanaweza kusubiri wiki moja.