Kusema kwa Uthabiti Bila Matusi: Jinsi ya Kusikika Katika Kikao cha Bajeti

Vikao vya kukusanya maoni ya umma huanza karibu kwa namna moja, iwe ni Runyenjes, Siakago, Nkubu au Maua. Maombi yanafanywa, wageni wanatambulishwa, afisa wa mipango anasoma makadirio, kisha mwenyekiti anauliza kama kuna swali. Ukumbi unanyamaza. Mzee mmoja anasimama kuishukuru serikali kwa kufika. Kijana anapaza sauti kutoka nyuma kwamba pesa zote zimeliwa, watu wanacheka, anakaa. Baadaye, wakazi wakiwa nje wanasubiri bodaboda, ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza: daraja lililosombwa na mvua, zahanati isiyo na dawa, pampu ya kisima iliyokufa.

Hayo ya nje hayaandikwi na mtu. Karani huandika yaliyosemwa ndani, na karatasi yake ndiyo inayorudi ofisini. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika kumbukumbu za kikao cha bajeti, kimya hakina mshindo wowote.

Kushiriki si hisani ya ofisi yoyote. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti kufanya kazi yake hadharani na kuwawezesha wananchi kushiriki. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkazi haki ya kuwasilisha malalamishi rasmi, na inazitaka mamlaka kuyajibu bila kuchelewa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima ya ada na ushuru ilianguka kwa sababu wananchi hawakupewa nafasi halisi ya kusema.

Hata hivyo, mtu anaweza kuwa na haki mkononi na ulimi ukakataa. Malezi yana sehemu yake. Katika jamii za Meru na Embu mtoto hukua akijua kwamba mzee hakatizwi. Njuri Ncheke, baraza la wazee linaloheshimika kote Meru kwa kusuluhisha migogoro, ni baraza la wanaume, na akina mama wengi wamezoea kwamba mambo mazito huamuliwa wao wakiwa hawapo. Kuna pia hofu ambayo watu huisema kwa kunong'ona: anayeuliza sana ataitwa mpinzani, na jina la mtoto wake litakosekana kwenye orodha ya basari. Hofu hiyo haifai kudharauliwa. Njia moja ya kuipunguza ni kutokwenda peke yako. Swali linaloletwa na kikundi cha watu ishirini, kwa maandishi yenye sahihi zao, halina mtu mmoja wa kunyooshewa kidole.

Tuchukue mfano wa mama mkulima kutoka Mbeere Kusini ambaye kisima cha kijiji chake kimeharibika pampu. Ana njia tatu.

Anaweza kunyamaza, au aseme kwa sauti ya chini, "Samahani mheshimiwa, sijui kama ni vizuri kusema, lakini kama inawezekana mtukumbuke na maji." Mwenyekiti atasema ahsante mama. Karani ataandika "maji", ikiwa ataandika.

Anaweza kulipuka: "Nyinyi ni wezi, mnakuja hapa kula soda tu!" Atapigiwa makofi. Afisa naye atapata kisingizio cha kujibu tusi na kuliacha swali likining'inia. Hasira yake inaweza kuwa ya haki kabisa, lakini karani hana safu ya kuandika hasira.

Au anaweza kusema hivi: "Bwana mwenyekiti, mimi ni mkazi wa wadi hii. Pampu ya kisima chetu iliharibika mwezi wa nane. Tangu hapo tunanunua maji kwa mtungi, na watoto wanachelewa shule wakiyatafuta mtoni. Nimepitia makadirio na sijaona pesa za ukarabati wake. Naomba kuelezwa kwa nini hazimo, na naomba jambo hili liandikwe kwenye kumbukumbu."

Sentensi hizo hazichukui hata dakika moja. Amejitambulisha, ametaja jambo moja na tarehe yake, ameeleza madhara yake, amesema anachotaka. Hakumshambulia mtu na hakujidharau. Kuna wanaodhani kwamba kuwa thabiti ni kuacha neno "naomba" na kusema "nataka". Si lazima. Kiswahili kina adabu yake, na "naomba" inaweza kubeba uzito mkubwa ikifuatwa na kitu kinachopimika: jibu, kiasi, tarehe. Kinachodhoofisha kauli ni yale maneno ya kujifunika yanayotangulia, "sijui kama ni vizuri", "mimi sijasoma", "ni maoni yangu tu". Hayo yanamwambia msikilizaji kwamba hata msemaji hategemei kujibiwa.

Ugumu zaidi huja baada ya jibu la kwanza. Afisa atasema, "Tumelipokea, tutaliangalia." Wengi hukaa hapo, kwa sababu kuuliza mara ya pili kunaonekana kama ukosefu wa heshima. Lakini "tutaliangalia" si jibu, na maafisa wenyewe wanajua. Mkazi anaweza kubaki amesimama na kusema kwa sauti ileile, bila kuipandisha: "Nashukuru. Litaangaliwa na ofisi gani, na tutapata jibu lini?" Akizungushwa tena, arudie swali hilohilo kwa maneno hayohayo. Kurudia kwa utulivu kunamchosha mkwepaji kuliko kelele.

Uthabiti huu haupatikani siku ya kikao. Pa kujifunzia ni mahali padogo: kwenye chama, mkutano wa wazazi shuleni, mkutano mkuu wa ushirika wa kahawa. Mtu aliyewahi kumuuliza mweka hazina wa chama, ambaye pia ni jirani yake, pesa ya mwezi uliopita ilikwenda wapi, hatatetemeka sana mbele ya afisa wa kaunti. Inasaidia kuandika swali kwenye karatasi na kumsomea mtu wa nyumbani kwa sauti. Sauti ikikatika siku hiyo, karatasi itaendelea. Asiyejimudu kwa Kiswahili aseme Kimeru, Kiembu au Kimbeere, na aombe mkalimani. Ukumbini hakosi mtu wa kutafsiri.

Wakati nao una maana. Swali zuri likija bajeti imeshapitishwa hubaki kuwa lawama. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mwongozo wa matumizi kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Anayetaka pampu itengewe pesa aanze kuitaja kwenye vikao vya mpango wa maendeleo, si Juni.

Na anayehitaji takwimu kabla ya kusimama ana haki ya kuzidai. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinamruhusu raia kuomba, kwa Kiswahili au Kiingereza, habari zilizo mikononi mwa ofisi ya umma. Ombi lenyewe halilipiwi, ingawa gharama ya nakala inaweza kutozwa. Ofisi ina siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Ikikataa, mwombaji anaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Asiyeweza kuandika aende ofisini aeleze kwa mdomo. Sheria inamtaka afisa anayepokea maombi kumwandikia, na kumpa nakala.