Nauli ya kwenda nyumbani: safari ikifutwa, nani anakulipa?

Ikikaribia Desemba, Waswahili wanaoishi Ulaya huanza kulinganisha nauli za Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar. Wengi hutazama mambo mawili: bei na kilo za mzigo. Lipo la tatu, ambalo halijitokezi unaponunua tiketi: safari ikifutwa, utalipwa au hulipwi? Jibu lake linaweza kuwa na thamani ya yuro 600 kwa kila abiria, mtoto aliyelipiwa tiketi akiwemo.

Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu Februari 2005, inampa fidia abiria ambaye hakuarifiwa angalau siku 14 kabla kwamba safari yake imefutwa. Safari isiyozidi kilomita 1,500 ni yuro 250, za masafa ya kati ni 400, na zile ndefu zaidi ya kilomita 3,500 ni 600. Kutoka Amsterdam au Frankfurt hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 6,000, basi hesabu yetu ni hiyo ya 600. Uingereza ilipojitoa kwenye Umoja ilibaki na sheria ileile. Kiwango chake cha juu ni pauni 520.

Tofauti ya tiketi iko kwenye safari ya kurudi. Ukipanda ndege katika uwanja wa Ulaya, shirika lolote linabanwa na kanuni hii, liwe la Ulaya, la Ghuba au la Afrika. Ukiondokea Dar es Salaam au Nairobi kurudi Ulaya, yanayobanwa ni mashirika ya Ulaya peke yake. Mwaka 2008 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya abiria wa Emirates aliyetoka Düsseldorf kwenda Manila, na safari yake ya kurudi ikafutwa. Mahakama ilisema kwenda na kurudi ni safari mbili, hata kama zimelipiwa pamoja. Kwa hiyo KLM kutoka Dar es Salaam inakulinda. Ukipitia Dubai, Doha au Addis Ababa kwa mashirika ya huko, safari ya kurudi haimo. Tazama pia ni ndege ya nani utakayopanda hasa, maana mashirika huuziana viti, na sheria hulifuata shirika linalorusha ndege.

Je, ulipe zaidi kwa ajili ya ulinzi huo? Safari nyingi hazifutwi. Tofauti ikiwa yuro 50 au 60 kwa mtu, mimi ningelipa. Ikiwa 300, na mko wanne, chukueni tiketi ya rahisi, hiyo 1,200 ikasomeshe mtoto. Ila nunueni safari nzima kwa tiketi moja. Ndege ya pili ikifutwa huko njiani wakati wa kwenda, tiketi moja iliyoanzia Ulaya bado inalindwa. Aliyeunganisha mwenyewe tiketi mbili za bei poa hana pa kushika.

Na fidia ni sehemu tu ya haki hizo. Shirika lazima likupe chaguo: kurudishiwa nauli ndani ya siku 7 au kutafutiwa ndege nyingine. Ukingoja ndege hiyo, chakula, hoteli na usafiri wa kwenda hotelini ni juu yao. Volkano ya Iceland ilipofunga anga mwaka 2010, Ryanair ilipinga kumlipa abiria gharama hizo; mwaka 2013 mahakama ikasema huduma hiyo haina kikomo cha siku wala cha pesa. Fidia ndiyo huanguka panapotokea jambo lisilo la kawaida kama volkano au dhoruba. “Hitilafu ya kiufundi”, ambayo ndiyo wimbo wa kaunta nyingi, kwa kawaida si kisingizio.

Hapo kaunta angalia unachotia sahihi. Mhudumu akikusogezea kishikwambi ukubali vocha badala ya pesa, soma kwanza: vocha huwa malipo halali pale tu ulipoikubali kwa sahihi yako. Kuponi ya sandwichi na maji pokea bila wasiwasi, haikuondolei fidia.

Kudai, anza mwenyewe. Fomu ya shirika ni bure, na kila nchi ya Umoja ina mamlaka ya kupokea malalamiko. Kampuni za kudai kwa niaba yako hazitozi chochote zikishindwa, lakini zikishinda huchukua sehemu nono. Ikikatwa asilimia 35, yuro 600 inabaki 390. Kesi ikienda mahakamani, makato huongezeka. Zinafaa pale shirika linapokukatalia au kukunyamazia.

Kwa safari ya kurudi isiyolindwa, kimbilio ni Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama. Huo hauna kiwango cha papo kwa papo: unathibitisha hasara ya kuchelewa kwa risiti, na kesi inafunguliwa ndani ya miaka 2. Marekani ni kavu zaidi: safari ikifutwa nawe usipokubali nyingine, unarudishiwa nauli, basi.

Muda wa kudai unatofautiana: Uholanzi miaka 2, Ujerumani 3 kuanzia mwisho wa mwaka wa safari, Ufaransa 5, England 6. Kama yako ilifutwa miezi michache iliyopita ukaambulia kuponi ya chakula tu, tafuta tiketi na boding pasi, ujaze fomu wiki hii.