Usikitupe, Muulize Kwanza!

Niseme ukweli, mpenzi msomaji: hapa kwetu Ngokolo nilishataka kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kidude cheusi, chembamba, mume wangu kakitunza kabatini miaka kibao pamoja na ThinkPad X60 yake ya mwaka 2006.

"Baba watoto, hiki kinatusaidia nini?" nikamfokea.

Hakubishana. X60 ni laptop ndogo ya inchi 12, haina sehemu ya kuingizia DVD. Sehemu hiyo iko kwenye doki yake, UltraBase X6: unaikalisha laptop juu yake, inajifunga, basi. Akaweka DVD ya harusi yetu, ambayo laptop yangu mpya haiwezi kuisoma.

Nikamwona marehemu mama mkwe akitubariki. Tukalia wote wawili.

Unayo pia? Zingatia: X6 ni ya X60 na X61, ile X4 ya X40 haiingiliani nazo. Na nakili DVD zenu mapema, maana huharibika.

Zaidi ya yote, kabla hujakiita kitu cha mwenzako takataka, muulize anakitunzia nini.