Gari Lisilowaka (2): Stata Inazungusha, Injini Haishiki

Injini inayozungushwa na stata kwa kasi yake ya kawaida bila kushika moto imekwisha kutoa nusu ya jibu: betri ina chaji, waya zake zimekaza na stata yenyewe ni nzima. Kinachokosekana ni mafuta, moto wa plagi, hewa au mgandamizo ndani ya silinda. Kwa hiyo kulisukuma gari la namna hii ni kujichosha bure, maana kusukuma hufanya kazi ileile ambayo stata tayari inaifanya. Huko Soni, mji wa milima ya Usambara ulio kati ya Mombo na Lushoto, mteremko hauko mbali, na kishawishi cha kuweka gia ya pili na kuliachia gari lishuke ni kikubwa. Injini ikiwa imezima usukani wa pawa huwa mzito, na baada ya kukanyaga breki mara mbili tatu busta huishiwa nguvu. Kwenye kona za kushukia Mombo, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, huo ni mchezo wa hatari.

Kinachotangulia spana ni sikio. Mzunguko ukiwa mzito, betri irudiwe: wakati wa kupiga stata volti zikishuka chini ya 9.6 hivi, kompyuta ya injini inaweza kukosa umeme wa kuongoza plagi na nozeli ingawa stata bado inajikongoja. Betri iliyochoka hujionyesha hasa katika asubuhi za baridi za Juni hadi Agosti. Stata isipigwe zaidi ya sekunde 10 mfululizo, na ipumzishwe kama dakika moja kabla ya kurudia.

Baada ya hapo zitazamwe taa za dashibodi. Magari mengi yana mfumo wa kuzuia wizi unaosoma chipu iliyomo kwenye ufunguo. Usipoutambua ufunguo, baadhi ya mifumo hiyo hukata mafuta au moto huku stata ikizunguka kama kawaida. Taa ya ufunguo ikibaki inamweka, ufunguo wa akiba ujaribiwe kabla ya kufungua kitu. Fyuzi na rilei za pampu na za injini nazo huchukua dakika chache tu kukagua.

Kwenye mafuta ndiko milima ya Usambara ina lake. Kutoka Mombo hadi Soni gari hupanda kwa kilometa nyingi pua ikiwa juu, na mafuta yaliyo kidogo hukusanyika nyuma ya tangi. Mdomo wa bomba la kunyonyea ukibaki mkavu, pampu huvuta hewa. Geji haitoi onyo la kutegemewa hapo, kwa sababu boya lake nalo limeinama pamoja na gari. Dawa ni kulisogeza gari mahali tambarare na kuongeza lita kadhaa. Kwa gari la petroli, pampu isikilizwe: katika magari mengi ufunguo ukiwashwa pampu hunguruma kwa sekunde mbili hivi chini ya kiti cha nyuma, ingawa Toyota kadhaa za zamani hungoja hadi stata ipigwe. Mafuta ya vidumu yashukiwe pia, kwani maji au mafuta ya taa humo si jambo geni. EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuukabili uchakachuaji huohuo.

Dizeli haina plagi za cheche, na ikishavuta hewa haiwaki kwa kuongezewa mafuta peke yake. Kwenye Hiace na Land Cruiser za zamani kuna pampu ya mkono juu ya filta. Skrubu ya kutolea hewa hulegezwa, pampu hubonyezwa hadi mafuta yatoke bila mapovu, kisha skrubu hukazwa. Maji yaliyotuama chini ya filta yatolewe papo hapo. Asubuhi ya baridi hita plagi zipewe muda wa kuwaka, vinginevyo moshi mweupe hutoka na injini haishiki.

Ukungu wa Soni hulenga moto wa plagi. Gari lenye distribyuta lililolala nje huamka na unyevu ndani ya kofia, na umeme huvujia pembeni. Kitambaa kikavu mara nyingi hutosha. Moto hupimwa kwa kuchomoa plagi, kuirudishia waya wake na kuigusisha kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake na mbali na petroli. Plagi zikitoka zimelowa mafuta, zikaushwe. Filta ya hewa iliyojaa vumbi huchangia hali hiyo, na kwenye gari la kabureta hewa nyepesi ya mlimani huzidisha.

Gari linalozimika likiwa moto baada ya kupanda, kisha likawaka lenyewe baada ya nusu saa, humwelekeza fundi kwenye sensa ya krankishafti au koili.

Mzunguko ukiwa mwepesi kupita kawaida, bila mapigo ya mgandamizo, mkanda wa taimingi huenda umekatika. Toyota Noah za mwanzo zenye injini ya 3S hutumia mkanda unaopaswa kubadilishwa kwa kilometa 100,000, hesabu ambayo geji ya kilometa ya gari la mtumba haiaminiki kuitunza. Hapo stata iachwe mara moja: katika injini nyingine, dizeli hasa, kila mzunguko unaweza kugonganisha pistoni na valvu.