Jinsi Kompyuta Inavyotafuta Bei ya Chini Zaidi

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware, familia nyingi hununua maji kwa mtungi wa lita 20. Mifereji ikikauka, bei hupanda, na kibanda kimoja huweza kutoza zaidi ya kingine kilicho hatua chache tu. Kujua palipo na bei nafuu huokoa pesa ya unga.

Haja hiyo ndiyo iliyozaa M-Maji, huduma ya simu iliyobuniwa kwa ajili ya Kibera mwanzoni mwa miaka ya 2010 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakishirikiana na wabia wa Nairobi. Muuzaji aliweza kutuma bei yake kwa simu ya kawaida, naye mnunuzi akatafuta maji ya karibu na ya bei nafuu.

Huduma ya aina hii hutegemea kazi moja ndogo ambayo wanaojifunza kuandika programu hukutana nayo mapema: kupata thamani ndogo zaidi katika orodha.

Chukua mfano wa vibanda vitano vinavyouza mtungi kwa shilingi 10, 5, 20, 3 na 5. Kompyuta haioni orodha yote kwa mara moja kama jicho la mtu. Hufuata hatua hizi:

1. Huchukua bei ya kwanza, 10, na kuiweka kando kuwa ndogo zaidi kwa sasa.
2. Huilinganisha na inayofuata. Kwa kuwa 5 ni ndogo, 5 hushika nafasi ya 10.
3. Huendelea hadi mwisho: 20 inaachwa, 3 inachukua nafasi, 5 ya mwisho inaachwa.

Jibu ni shilingi 3, baada ya ulinganisho mara nne. Orodha ya bei 1,000 ingehitaji ulinganisho mara 999.

Makosa matatu hujitokeza mara kwa mara. La kwanza ni kuanza na sifuri badala ya bei ya kwanza. Hakuna bei iliyo chini ya sifuri, hivyo jibu litabaki sifuri daima. La pili ni kuhesabu bei isiyojazwa kuwa sifuri. Mama atatumwa kwenye kibanda kilichofungwa. La tatu ni kulinganisha vipimo tofauti. Ikiwa ile shilingi 3 ni ya mtungi wa lita 10, basi lita 20 zitagharimu shilingi 6, na kibanda cha shilingi 5 ndicho nafuu.

Programu inapaswa pia kuhifadhi jina la kibanda pamoja na bei yake, kwani bei bila mahali haimsaidii mnunuzi.

Vijana wanaojifunza kompyuta wanaweza kuanza zoezi hili kwa kalamu na karatasi, wakiandika bei za maji za mtaani mwao. Wasio na kompyuta nao wanaweza kutumia njia iyo hiyo kabla ya kubeba mtungi.