Riba Ikishuka, Nani Anafaidika?

Riba ni bei ya fedha. Anayekopa hulipa riba. Anayeweka akiba hupata riba. Riba ya mweka akiba hutoka katika riba ya mkopaji.

Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mkopo wa shilingi trilioni 1 kwa mabenki, kwa riba ya asilimia 3. Sharti lilikuwa mabenki yakopeshe kwa riba isiyozidi asilimia 10.

Tupige hesabu. Mkulima wa mpunga wa Kyela anakopa shilingi 1,000,000 kwa mwaka mmoja. Riba ya asilimia 20 ni shilingi 200,000. Riba ya asilimia 10 ni shilingi 100,000. Huyu amepata nafuu.

Jirani yake ameuza kakao, akaweka shilingi 1,000,000 benki. Riba ya asilimia 6 humpa shilingi 60,000. Ikishuka hadi asilimia 3, hupata shilingi 30,000 tu. Bei za vitu zikipanda kwa asilimia 4, fedha zake zinapungua nguvu, ingawa zimeongezeka kwenye kitabu.

Sasa unajua kusoma na kuhesabu. Kabla ya kutia sahihi, uliza: Riba ni asilimia ngapi kwa mwaka?